Saul Winstein, mkemia aliyefariki kabla ya hoja yake kuthibitishwa

SAUL Winstein alizaliwa Montreal, Kanada, Oktoba 8, 1912, akahamia Marekani angali mtoto. Alisoma Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech) mwaka 1938, na kurejea katika chuo kikuu hicho cha Los Angeles kufundisha mwaka 1941.

Maisha yake yote aliyatumia kutafuta jibu la swali moja: molekuli inapovunjwa na kimiminika kilichoiyeyusha, tukio liitwalo solivolisisi, inapita hatua gani? Hatua hizo hazionekani kwa macho. Mtafiti hupima kasi, kisha hupambanua njia.

Silaha mojawapo ilikuwa diuteriamu, haidrojeni yenye uzito mara mbili, iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931. Haidrojeni moja huondolewa katika molekuli na diuteriamu kuwekwa mahali pake. Kwa kuwa diuteriamu huachana na kaboni kwa shida zaidi, kasi ikishuka sana ni dalili kwamba atomi ile ilihusika katika tendo lenyewe. Ikishuka kidogo, ilikuwa jirani tu. Mwaka 1958 Winstein na mwenzake walitumia njia hiyo kuonyesha kwamba haidrojeni ya jirani inaweza kusaidia kusukuma nje kundi linaloondoka.

Lakini jina lake lilivuma kwa ubishi. Mwaka 1949, yeye na Daniel Trifan walilinganisha molekuli mbili pacha za norbonili ndani ya asidi ya asetiki. Moja ilivunjika mara 350 haraka kuliko nyingine. Winstein akasema ioni inayozaliwa ina umbo la daraja, kaboni zikigawana elektroni. Herbert Brown wa Chuo Kikuu cha Purdue akakataa: kwake, hizo zilikuwa ioni mbili za kawaida zinazobadilishana upesi. Vipimo vya diuteriamu navyo vikaingizwa katika mzozo huo, ambao uliwagawa wanakemia kwa miaka mingi.

Winstein alifariki ghafla Novemba 23, 1969, akiwa na umri wa miaka 57. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Brown alipata Nobel mwaka 1979, kwa kazi nyingine.

Mwaka 2013, wanasayansi waliigandisha ioni hiyo kuwa fuwele katika baridi kali na kuipiga picha kwa eksirei. Daraja lilionekana.