Alice Stebbins Wells: Askari wa Kike Aliyeweka Msingi wa Ulinzi wa Wanawake

Alice Stebbins Wells alizaliwa mwaka 1873 katika Jimbo la Kansas, nchini Marekani. Alisomea masuala ya dini na kutoa huduma kanisani kabla ya kuhamia Los Angeles, ambako jina lake liliingia katika historia ya Jeshi la Polisi.

Wakati huo, msichana aliyefanyiwa ukatili alilazimika kueleza yaliyompata mbele ya askari wanaume. Aibu na hofu viliweza kumfunga mdomo, na mhalifu akabaki huru. Mwaka 1910, Wells aliwasilisha kwa uongozi wa jiji ombi lililotiwa saini na wananchi 100, akitaka mwanamke aajiriwe kuwa askari. Ombi lilikubaliwa na Septemba 12 mwaka huo akaapishwa. Wanawake wachache walikuwa wamemtangulia katika miji mingine.

Hakupewa bunduki. Vitendea kazi vyake vilikuwa beji, ufunguo wa visanduku vya simu za polisi, kitabu cha kanuni na kitabu cha huduma ya kwanza. Sare alijishonea mwenyewe. Alipopanda tramu kwa beji hiyo, alishutumiwa kuwa anatumia beji ya mumewe, ndipo akapatiwa beji ya askari wa kike Namba 1. Alikagua kumbi za dansi na za sinema, na kuwatafuta wanawake waliopotea. Baada ya kuajiriwa kwake, idara iliagiza kuwa wasichana wasihojiwe tena na askari wanaume.

Wells alitambua kuwa ulinzi unaotegemea mtu mmoja hutoweka anapoondoka. Mwaka 1911 nafasi ya askari wa kike iliingizwa katika utumishi wa umma na kujazwa kwa mitihani. Alisafiri katika miji ya Marekani na Kanada akihamasisha ajira hizo, na mwaka 1915 alianzisha chama cha kimataifa cha polisi wanawake. Juhudi zake zilichangia pia Chuo Kikuu cha California kuanza, mwaka 1918, kufundisha kozi kuhusu kazi ya polisi wanawake.

Mwaka 1934 aliteuliwa kuwa mwanahistoria wa idara yake, akastaafu mwaka 1940 na kufariki dunia mwaka 1957. Askari wa kike walishiriki gwaride la heshima katika mazishi yake, wakiwa ushahidi kwamba kazi aliyoianza peke yake ilikwishapata warithi.