Collins: Bingwa wa Mikimbio 628 Asiye na Kaburi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwahusu wafanyabiashara, lakini nadhani yawahusu wanadamu pia. Naiona kweli yake katika maisha ya Mwingereza Arthur Edward Jeune Collins, ambaye daftari la mchezo lilimhifadhi kuliko vita alivyovifia.

Collins alizaliwa Hazaribagh, Bara Hindi, tarehe 18 Agosti 1885, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Waingereza. Alipojiunga na shule ya Clifton mjini Bristol mwaka wa 1897, alikuwa amekwisha kuwafiwa wazazi wote wawili.

Juni 22, 1899, mabweni mawili ya shule hiyo yalikutana katika mechi ya kriketi ya wavulana wadogo. Katika mchezo huu, mpigaji huendelea kusimama uwanjani mpaka atolewe. Yatima huyo wa miaka 13 hakutolewa. Jioni ya kwanza iliisha akiwa na mikimbio 200. Ya pili ilimkuta na 509, akiwa ameivunja rekodi ya 485 iliyowekwa mwaka wa 1886 na Andrew Stoddart, aliyekuja kuwa nahodha wa Uingereza. Jioni ya nne, mwenzake wa mwisho alipotolewa, Collins alikuwa na mikimbio 628 kati ya 836 ya timu yake. Alikuwa amepiga kwa muda wa saa 6 na dakika 50. Kisha alitwaa mpira, akawatoa wapinzani 11 kwa mkono wake mwenyewe. Timu yake ilishinda kwa zamu moja na mikimbio 688.

Haki yataka tuseme yote. Upande mmja wa uwanja ulikuwa mfupi, na watoto waliocheza dhidi yake waliuangusha mpira wake mara kadhaa walipopaswa kuudaka. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kufikia hesabu hiyo, na magazeti yakalitangaza jina lake kotekote.

Je, aliifanya sifa hiyo kuwa riziki? La hasha. Kriketi ilibaki kuwa burudani yake. Alisomea uanajeshi Woolwich, na mwaka wa 1904 akawa afisa katika kikosi cha wahandisi wa kijeshi, akatumwa kurudi Bara Hindi alikozaliwa. Alizichezea timu za jeshi, lakini hakucheza hata mechi moja ya daraja la kwanza. Mwaka wa 1914 alioa.

Vita havina macho. Agosti ya mwaka huo huo, Uingereza iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, na Kapteni Collins akavuka bahari pamoja na kikosi chake. Kazi ya wahandisi ilikuwa kuchimba mahandaki na kujenga madaraja. Lakini tarehe 11 Novemba 1914, Wajerumani waliposhambulia kwa nguvu karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, wahandisi nao walishika bunduki. Collins aliuawa siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 29. Miaka minne baadaye, tarehe iyo hiyo, vita vikakoma.

Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa katika lango la Menin, Ypres, pamoja na ya wenzake zaidi ya 54,000 ambao hawana kaburi linalojulikana.

Hapa kwetu, vita hivyo hivyo viliwameza wapagazi maelfu kwa maelfu, ambao mtaa wa Kariokor jijini Nairobi unakumbusha kikosi chao. Wengi wao hawakuchongewa hata jina. Hawakuwa na upungufu wa ushujaa. Walikosa mtu wa kuwaandika.

Rekodi ya Collins ilidumu kwa zaidi ya miaka 116. Januari 2016, Pranav Dhanawade, mwanafunzi wa miaka 15 na mwana wa dereva wa riksho, alipata mikimbio 1,009 bila kutolewa, huko Kalyan, katika nchi ile ile ya India alikozaliwa Collins. Hilo nalo limeandikwa, na ni vyema. Jukumu letu tulio hai ni kuwaandika pia wale ambao hawakupigiwa makofi uwanjani.