Jason Sendwe: kutoka benchi la masomo mpaka uongozi wa Katanga ya Kaskazini

Leo mtu akisema Sendwe, wengi wanafikiria hospitali kubwa ya Lubumbashi. Lakini mwenye jina hilo alizaliwa mwaka wa 1917 kijijini Mwanya, teritware ya Kabongo, na aliuawa hapa kwetu Kalemie.

Sendwe alisoma kwa wamisionari Wametodisti. Alifundisha, akahubiri, kisha akaingia masomo ya uganga mpaka akawa msaidizi wa munganga. Wakati wa Wabelgiji, njia ya mtu mweusi iliishia pale. Msaidizi alisoma miaka mingi, akapima wagonjwa na kuwatibu, lakini cheo na mshahara wa munganga vilibaki kwa Mzungu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954, kile cha Elisabethville mwaka wa 1956. Sendwe alikuwa karibu miaka 40. Uhuru ulipofika tarehe 30/6/1960, inchi nzima haikuwa na munganga Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu.

Kwa mafundi wa mashine ilikuwa vilevile. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Géomines ilijenga bwawa la Piana-Mwanga kwenye mto Luvua, upande wa Kiambi, ili kupeleka umeme kwenye machimbo ya kasiterite ya Manono. Watu wa hapa walitoa nguvu ya mikono. Uhandisi ukabaki kwa Wazungu.

Sendwe alichoka na ile hali. Mwaka wa 1957 akaanzisha Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga. Mwanzoni mwa 1960 alikuwa Bruseli katika mazungumzo ya uhuru, na katika siasa alisimama upande wa Lumumba. Moïse Tshombe alipotenga Katanga tarehe 11/7/1960, watu wa kaskazini walikataa. Januari 1961 Balubakat wakatangaza jimbo lao la Lualaba, makao yake Manono. Vita vikawaka, vijiji vikachomwa, watu wengi wakakimbia. Machimbo na bwawa vilikuwa palepale, lakini wenyeji waliofundishwa kuviongoza walikuwa wa kuhesabika.

Baadaye Sendwe akawa makamu wa waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Mwaka wa 1963 akachukua uongozi wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, makao yake Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Kazi haikuwa nyepesi: hata ndani ya chama chake ndugu waligombana. Juni 1964, uasi ulipoutikisa mji, akauawa.

Baada ya uhuru, wasaidizi wenzake wengi walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, wakarudi waganga kamili. Yeye siasa ilimchukua, ile diploma hakuipata kamwe. Pamoja na hayo, vijana wanaosomea uganga Lubumbashi wanajifunza kazi katika hospitali yenye jina lake.

Leo lithiamu ya Manono inasemwa dunia nzima, na Piana-Mwanga inatajwa tena juu mgodi utahitaji umeme. Mashine inanunuliwa, inapakiwa, inafika. Fundi wa kuiongoza anahitaji miaka kwenye benchi, sawa ile Sendwe aliyokaa, na safari hii ngazi isikatwe katikati. Mtoto wa Kiambi ao wa Manono anayeanza sekondari sasa ndiye angeweza kuwa mhandisi wa bwawa hilo.