Mwalimu Nyerere na Sheria ya Kijiji: Somo la Handeni na Korogwe

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Sisi Wakatoliki tunamkumbuka pia kama Mtumishi wa Mungu, kwani mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005. Kumheshimu hakutuzuii kumtazama kwa ukweli. Safari hii tunamtazama tukiwa na macho ya wilaya mbili jirani za mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe. Huko siasa yake ilifika hadi kwenye shamba la mkulima na mshahara wa kibarua, na sheria ikaonyesha nguvu yake na kikomo chake.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh na kurudi mwaka 1952. Alikuwa mwalimu wa Pugu wakati TANU inazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa kuwakashifu maofisa wake wawili wa wilaya. Alitiwa hatiani, akalipa faini, akaendelea na kazi. Alijua basi jinsi sheria inavyoweza kuwa fimbo mkononi mwa mtawala, na bado alichagua kudai uhuru kwa njia ya sheria na mazungumzo. Uhuru ulipatikana mwaka 1961 bila vita.

Baada ya hapo sheria ilikuwa mkononi mwake. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kikatiba. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa changa na maskini halina muda wa kugawanyika. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini sauti za kumsahihisha kiongozi zilipungua.

Korogwe ilikuwa nchi ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika huko mwaka 1902, na mashamba yakaenea katika bonde la mto Pangani: Ngombezi, Mwelya, Hale, Magoma. Manamba waliletwa kutoka mbali, wakikata majani kwa mkataba na kulala kambini. Faida kubwa ilikwenda ng'ambo. Kwa Mwalimu, ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, wala si bidhaa ya mtu kujilimbikizia. Mwaka 1963 sheria iligeuza hatimiliki za kudumu zilizoachwa na wakoloni kuwa za kupanga kwa miaka 99. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Lakini sheria inaweza kubadili mwenye mali kwa siku moja, isiweze kubadili bei ya soko. Bei ya mkonge ilikuwa imeanza kuporomoka, kamba za nailoni zikashika nafasi yake, na usimamizi wa mashirika ya umma ukawa dhaifu. Nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964 ilishuka chini ya robo ya kiasi hicho katika miaka ya 1980.

Handeni habari ilikuwa nyingine. Wazigua wengi waliishi katika vitongoji vilivyotawanyika, katika nchi ambayo mvua ikikosekana njaa hubisha hodi. Mwalimu aliona kwamba shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufika kwa kila kaya iliyo peke yake porini. Aliona sawasawa. Aliandika pia kwamba ujamaa hauwezi kujengwa kwa kulazimisha watu, na vijiji vya mwanzo vya Handeni, mwishoni mwa miaka ya 1960, vilianza kwa kuhimizwa.

Mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Operesheni ikafuata nchi nzima. Kuna mahali watu waliacha mazao shambani na nyumba zao zikabomolewa. Sheria ya vijiji ilikuja mwaka 1975, wakati wengi wamekwisha kuhamishwa, nayo haikuamua wazi shamba la zamani limekuwa la nani. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Mafundisho ya Kanisa yana kanuni ya auni: ngazi ya juu isinyang'anye ngazi ya chini kazi inayoiweza. Hapo kanuni hiyo ilivunjwa na mtu aliyeipenda. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani kwamba kufuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Ni viongozi wachache wanaokiri wakiwa bado madarakani.

Alistaafu mwaka 1985. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiondolewi bila fidia ya haki. Mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu alipofariki, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayoipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi na mkutano wa kijiji nafasi ya kukubali au kukataa.

Swali halijaisha. Tangu mwaka 2022 kaya za wafugaji kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na ubishi mkubwa umekuwa juu ya neno moja: hiari. Kwa maisha ya Mwalimu tunajifunza kwamba nia njema haitoshi. Alitaka kijiji kilicho kama familia, na kwa sehemu alikipata: watoto walisoma, wagonjwa walitibiwa. Alipokosea ni pale amri ilipotangulia sheria, na sheria ikatangulia ridhaa ya watu.

Tunapomwombea, tuwaombee pia watunga sheria wetu, ili kabla ya kuamua juu ya kijiji wakae kwanza na wanakijiji wawasikilize.