Alice Hamilton: Daktari aliyeisaka sumu ya kazini hadi ndani ya damu

Kama umekulia pande za Meru, Tharaka au Mbeere, bila shaka unakumbuka gunia la mahindi lililonyeshewa kabla halijafika ghalani. Mama akalianika, akachambua punje zilizobadilika rangi, hizo zikaenda kwa kuku na ng'ombe. Zilizobaki zikawa githeri. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekimbizwa hospitali. Maisha yakaendelea.

Shida iko hapo hapo. Mwaka 2004 sumukuvu, ile wengi wetu tunaita aflatoksini, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mpigo na nchi nzima ikasikia. Lakini sumu hiyo hiyo ikiingia kidogo kidogo kila siku haipigi kelele. Inaweza kukaa miaka ikilila ini, na wewe uko shambani au kwa boda ukijiona mzima kama kigongo.

Ndiyo maana watafiti walipofanya kazi katika vijiji vya Meru na Tharaka-Nithi, hawakuishia kuuliza watu kama wanaumwa. Walipima mahindi yaliyokuwa nyumbani kwa kina mama, wakawabadilishia yaliyochafuka kwa masafi, kisha wakapima damu ya watoto. Matokeo yalichapishwa 2018: kiwango cha sumu kwenye damu kilielekea kushuka palipobadilishwa mahindi, ingawa mwisho wa utafiti kimo cha watoto hakikuonyesha tofauti kubwa. Sumu ambayo hakuna mzazi aliyeiona kwa macho, maabara iliiona.

Wazo hilo la kuitafuta sumu kwa mtu ambaye bado anatembea lina wazee wake. Mmoja wao ni mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita, aliyeitwa Alice Hamilton.

Msichana aliyetaka kazi ya kumfikisha kokote

Alizaliwa Februari 27, 1869 jijini New York, Marekani, akalelewa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Walikuwa mabinti wanne na kaka mmoja. Dada yake mkubwa, Edith, baadaye alipata sifa kwa vitabu vyake kuhusu Wagiriki wa kale.

Hawakusoma shule ya kawaida utotoni, walifundishwa nyumbani. Biashara ya baba yao ilipoanguka, Alice alijua lazima ajitegemee. Akachagua udaktari, si kwa sababu alipenda sana sayansi, bali kwa sababu aliona daktari anaweza kwenda kokote duniani na bado akawa wa maana kwa watu.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Baadaye yeye na Edith wakavuka bahari kwenda Ujerumani, naye akasomea vijidudu na magonjwa ya mwili. Vyuo vya huko viliwapokea kwa shingo upande: wangeweza kusikiliza mihadhara mradi wasijitokeze machoni pa wanafunzi wa kiume.

Mwaka 1897 alipata kazi ya kufundisha Chicago, akahamia Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams katikati ya mtaa wa maskini. Majirani zake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, Poland, Ugiriki na kwingineko, watu wa vibarua. Alice aliishi hapo kwa zaidi ya miaka 20. Mchana alikuwa maabara na darubini yake, jioni alikuwa akiendesha kliniki ya watoto wachanga wa majirani.

Kosa lililomfunza

Mwaka 1902 homa ya matumbo ililipuka mtaani. Alice alikusanya nzi kutoka vyoo na jikoni, akawapima maabara, akakuta vijidudu vya homa hiyo. Alipotangaza kwamba nzi ndio wanaoeneza ugonjwa, alisifiwa kila mahali.

Baadaye ukweli ukatoka. Bomba la maji lilikuwa limepasuka na maji taka yakaingia kwenye maji ya kunywa, na wakubwa wa afya ya jiji walikuwa wamelificha jambo hilo. Nzi kweli walikuwa na vijidudu, ila si wao waliosababisha mlipuko ule. Aibu ya sifa asizostahili ilimfuata Alice kwa miaka mingi.

Somo alilobaki nalo linatufaa hadi leo. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kikajibu swali ambalo silo. Kukuta kitu kwenye chupa ya maabara ni hatua ya kwanza tu, lazima bado ujue kimetoka wapi na kimefikaje mwilini.

Mikono iliyoning'inia

Akiwa Hull House alianza kuwaona wanaume wenye nguvu zao waliorudi kutoka viwandani wakiwa hawawezi kuinua viganja. Mkono unanyooshwa, kiganja kinaning'inia. Wengine walikunjwa na maumivu ya tumbo, wengine walipauka, wengine walichanganyikiwa akili. Hizo ni dalili za madini ya risasi, yaliyotumika wakati huo kutengeneza rangi, betri na vyombo vya kuogea.

Waajiri walikuwa na jibu tayari: hawa ni walevi, tena wachafu, hawanawi mikono kabla ya kula. Kwa hiyo kosa ni la mfanyakazi.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa Alice kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini. Hakukuwa na orodha ya viwanda vyenye hatari, wala sheria ya kumlazimisha mwenye kiwanda kufungua mlango. Alibisha hodi mwenyewe. Tena alijua kwamba akienda kiwandani peke yake ataonyeshwa sakafu iliyofagiliwa. Kwa hiyo alipitia daftari za hospitali, akaongea na wauza dawa, mapadri na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, halafu akaenda nyumbani kwa wagonjwa wenyewe. Jikoni kwao, mbele ya mke na watoto, mtu husema ukweli.

Siku moja alitembezwa kiwanda cha mabeseni ya kuogea asione hatari yoyote. Kumbe hakuonyeshwa chumba chenyewe. Alikuja kuelezwa na mfanyakazi mgonjwa, nyumbani kwake, kwamba unga wa risasi hurushwa juu ya chuma chenye moto kwenye jengo jingine kabisa.

Alikuwa mkali kwa ushahidi. Hakuhesabu mtu kwa uvumi wala kwa huruma, ilibidi kuwe na uthibitisho wa daktari au dalili isiyo na ubishi kama mstari mweusi kwenye ufizi. Vipimo vya wakati huo vilikuwa vichache. Kwa darubini, madaktari waliangalia chembe nyekundu za damu kama zina madoa madogo yanayoletwa na risasi. Hata kwa kigezo hicho kigumu, uchunguzi ulithibitisha watu 578 waliodhurika, katika kazi za takriban aina 70.

Jambo kubwa alilogundua lilibomoa hadithi ya waajiri. Watu hawakuwa wanakula risasi kwa mikono michafu. Walikuwa wanaivuta, kwa vumbi na moshi. Unaweza kunawa hadi ngozi itoke, ila kama hewa ya chumba ina vumbi la sumu, kunawa hakutakuokoa. Mwaka uliofuata, 1911, Illinois ikatunga sheria ya magonjwa ya kazini.

Majina 22

Kuna tajiri mmoja, Edward Cornish wa kampuni ya National Lead, ambaye hakuamini kwamba wafanyakazi wake wanaumia. Alimwahidi Alice kwamba akileta ushahidi, atafuata maagizo yake. Alice alirudi na watu 22 waliolazwa hospitalini kwa sumu ya risasi. Cornish alitimiza neno lake: vumbi na moshi vikadhibitiwa, madaktari wakaajiriwa, wafanyakazi wakawa wanakaguliwa mara kwa mara.

Hebu tazama mpangilio wa mambo hapo. Kwanza walizuia vumbi, kisha ndipo wakawapima watu kila mara kuona kama vumbi limezuiwa kweli. Kumpima mtu damu na kumrudisha kwenye vumbi lile lile si matibabu, ni kumhesabia siku.

Vita alivyoshindwa

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri, mwanamke wa kwanza kufundisha hapo. Sababu ilikuwa rahisi: hakukuwa na mwanamume aliyelijua somo hilo kumpita. Lakini alipewa masharti. Asiingie klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za kandanda, asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alistaafu 1935 akiwa bado kwenye cheo kile kile cha chini alichoanza nacho.

Mwaka 1925 alisimama kwenye mkutano mkuu jijini Washington kupinga risasi kutiwa kwenye petroli. Mwaka uliotangulia, wafanyakazi watano walikuwa wamekufa kwa dawa hiyo katika kiwanda kimoja cha New Jersey. Alice aliona mbali zaidi: moshi wa magari utaipeleka sumu kwa kila mtu, si kwa wafanyakazi tu. Hakusikilizwa. Petroli yenye risasi ikaenea dunia nzima, hadi kwa matatu za baba zetu.

Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006. Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likatangaza kwamba hakuna nchi tena duniani inayoiuza kwa magari. Yaani vita alivyoshindwa Washington vilitangazwa ushindi Nairobi, miaka 96 baadaye.

Mwenyewe hakuwepo. Alifariki Septemba 22, 1970 nyumbani kwake Hadlyme, Connecticut, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye Marekani ilipata sheria ya nchi nzima ya usalama kazini. Kenya ilipata yake mwaka 2007.

Sisi tunachukua nini?

Risasi haijaondoka. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda kortini wakiwa na majibu ya damu mkononi. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo 2024. Bila kile kipimo, wangebaki kuambiwa ni malaria au uchafu wao.

Kwa hiyo, wewe fundi wa betri pale Makutano, au kijana unayebeba pampu ya dawa mgongoni kwenye muguka wa Mbeere na nyanya za Timau, anza na swali la Alice: kazi yangu inanigusisha nini? Mwambie daktari kazi yako hata kama hajauliza.

Pili, kila sumu ina kipimo chake. Risasi hupimwa kwa damu inayotolewa kwenye mshipa, na Shirika la Afya Duniani linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa nyingi za kuua wadudu hudhoofisha kimeng'enya cha damu kiitwacho kolinesterasi. Hicho hupimwa kabla ya msimu wa kupiga dawa, kisha tena msimu ukiendelea, kwa sababu viwango vya watu havilingani na kinachotakiwa ni kukulinganisha na wewe mwenyewe. Kipimo cha risasi hakitakuonyesha dawa ya wadudu, wala cha dawa hakitakuonyesha sumukuvu. Ukiona kijimashine cha kushika mkononi sokoni, ati kinasoma sumu zote za mwili kwa dakika tano, halafu unauziwa chai ya kuzisafisha, weka pesa zako mfukoni.

Tatu, majibu yakitoka, rudi kwenye chanzo. Kwa mahindi, sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa, hata githeri ikeshe jikoni. Kausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, anika juu ya turubai na si chini kwenye udongo, weka mahali pakavu. Na zile punje mbovu usimpe ng'ombe, maana sumu hurudi nyumbani ndani ya maziwa.

Alice Hamilton hakuwa na mashine za leo. Alikuwa na darubini, viatu vya kutembelea, na tabia ya kutokubali kuambiwa kwamba mgonjwa amejitakia. Sisi mashine tunazo. Tuanze na gunia lililo ghalani nyumbani.