Al-Razi, Tabibu wa Ndui na Surua

Hapa pwani neno kuumika halihitaji maelezo. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kumtaja tabibu aliyeagiza watoto waumikwe zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na ambaye hakuogopa kuujaribu utabibu wake mwenyewe.

Huyu ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyezaliwa mwaka 865 mjini Rayy, karibu na Tehran ya sasa. Yasimuliwa kwamba ujanani alipenda kupiga udi, na utabibu akauanza akiwa mtu mzima. Hata hivyo aliongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad.

Ndui na surua, ambayo wengi wetu twaiita ukambi, zilikuwa zikichanganywa. Al-Razi aliziandikia kitabu, Kitab al-Judari wal-Hasba. Alimchunguza mgonjwa hata kabla vipele havijatoka. Mgongo ukiuma sana, alihofia ndui; kichefuchefu na mahangaiko yakizidi, alishuku surua. Aliyetimia miaka 14 alitobolewa mshipa atolewe damu. Aliye mdogo zaidi aliumikwa. Macho aliyakinga kwa maji ya mawaridi, kwani ndui ilipofusha wengi.

Kuhusu chanzo alikosea. Alidhani damu ya mtoto huchemka kama maji ya zabibu yanayochachuka. Virusi havikuwa vimejulikana, na leo hakuna daktari atakayemtoa damu mtoto kwa surua.

Linalonivutia zaidi limo katika al-Hawi, maandishi yake yaliyokusanywa baada ya kufa kwake. Walipomjia wagonjwa wenye dalili za uvimbe wa utando wa ubongo, baadhi yao aliwatoa damu, na kundi jingine akaliacha makusudi ili alinganishe. Akaona waliotolewa damu wamesalimika. Jibu hilo halikubaliki tena, lakini kulinganisha makundi mawili ndivyo dawa zinavyopimwa hata sasa. Jamaa za wale walioachwa, nadhani, hawakumshukuru.

Uzeeni alipofuka, akafariki Rayy mwaka 925. Mgonjwa wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, pwani hii hii yetu, mwaka 1977. Surua ingalipo, na watoto wa Kenya huchanjwa wakiwa na miezi 9, halafu tena miezi 18.