Gustave Eiffel: Mnara wake mchana ni wa wote, usiku una mwenyewe

Piga picha ya Mnara wa Eiffel saa sita mchana, iuze popote upendapo. Rudi saa tatu usiku taa zikiwa zimewaka, piga picha ileile, iuze kwa kampuni ya matangazo: hapo unaweza kujikuta unadaiwa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi kwa mwenye jina lake, mhandisi aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mtoto wa Dijon

Gustave Eiffel alizaliwa Dijon, Ufaransa, tarehe 15 Desemba 1832. Jina la ukoo wao lilikuwa Bonickhausen, lenye asili ya Kijerumani, na Eiffel lilikuwa jina la pili tu. Alibadilisha rasmi mwaka 1880 na kubaki na Eiffel peke yake.

Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na biashara ndiyo iliyoilisha familia. Gustave alisoma chuo cha uhandisi mjini Paris, akamaliza 1855. Cha ajabu, alichosomea zaidi ni kemia, siyo ujenzi.

Chuma ndicho kilichompa jina. Akiwa na miaka 25 hivi alikabidhiwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli mjini Bordeaux. Mwaka 1866 akafungua kampuni yake nje kidogo ya Paris. Baadaye likaja daraja la Maria Pia mjini Porto, Ureno, lililofunguliwa 1877. Hata Sanamu ya Uhuru ya New York, ile mifupa ya chuma ya ndani ni kazi ya kampuni yake.

Mwaka huohuo wa 1877 mke wake, Marie, alifariki na kumwachia watoto watano. Eiffel hakuoa tena.

Wazo halikuwa lake

Wengi hawajui hili: mnara haukuchorwa na Eiffel kwanza. Mwaka 1884 wahandisi wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, walichora mnara wa mita 300 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1889. Bosi wao mwanzoni hakuvutiwa sana.

Msanifu majengo Stephen Sauvestre akaurembesha ule mchoro kwa kuongeza matao chini, na hapo Eiffel akaona dili. Septemba 1884 iliombwa hataza kwa majina ya Eiffel, Koechlin na Nouguier. Baadaye Eiffel akanunua haki za wenzake wawili. Kuanzia hapo mnara ukawa na jina moja tu.

Januari 1887 alisaini mkataba na serikali na jiji la Paris, kwa jina lake binafsi, siyo la kampuni. Serikali ilitoa faranga milioni 1.5, karibu robo tu ya makadirio. Pesa nyingine atafute mwenyewe. Naye akapewa haki ya kuvuna mapato ya mnara kwa miaka 20, kisha uwe mali ya jiji.

Wasanii na waandishi mashuhuri walipinga vikali, akiwemo Guy de Maupassant. Waliona chuma hicho kitauharibu uso wa Paris. Eiffel hakurudi nyuma. Tarehe 31 Machi 1889 mnara ulikamilika, baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Watu karibu milioni 2 waliupanda wakati wa maonyesho.

Vita ya kwanza ya picha

Kabla hata wageni hawajaanza kupanda, sura ya mnara ilikuwa tayari biashara: kadi, sanamu ndogo, vishikio vya funguo. Eiffel alimpa Jules Jaluzot, mwenye duka kubwa la Printemps, haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza mifano ya mnara.

Mafundi na wachuuzi wadogo wa Paris wakawaka. Iweje kitu kinachoonekana na kila mtu, kilichojengwa kwa sehemu ya pesa ya umma, sura yake iuzwe na tajiri mmoja? Kelele zilikuwa kubwa na uhodhi ule haukudumu. Kila mtu akauza mnara wake mdogo, na hadi leo wachuuzi wanauuza.

Anguko, kisha sayansi

Eiffel alijiingiza pia katika mradi wa Mfereji wa Panama. Kampuni ya mfereji ilifilisika 1889 na maelfu ya Wafaransa wakapoteza akiba zao. Mwaka 1893 Eiffel alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya faranga 20,000. Hukumu ilifutwa mwaka huohuo na mahakama ya juu, lakini aliachana na ujenzi.

Akabaki na tatizo moja: muda wa mnara ulikuwa unayoyoma, na ikiisha miaka 20 jiji lingeweza kuubomoa. Dawa yake ilikuwa kuufanya uwe na kazi. Alifanyia majaribio ya upepo na hali ya hewa pale juu. Akalisaidia jeshi kufunga mitambo ya simu isiyo na waya. Redio ndiyo iliyouokoa mnara. Mkataba ukaongezwa miaka 70 kuanzia 1910.

Eiffel alifariki Paris tarehe 27 Desemba 1923, akiwa na miaka 91.

Sasa, picha yako

Ufaransa hulinda hakimiliki kwa miaka 70 baada ya kifo cha msanii. Kwa Eiffel, hesabu hiyo iliisha 1993. Ndiyo maana picha ya mchana haina shida.

Taa ni habari nyingine. Ule mwanga wa dhahabu uliwashwa mara ya kwanza tarehe 31 Desemba 1985, kazi ya mtaalamu wa taa Pierre Bideau, aliyefariki 2021. Mwaka 1992 mahakama ya juu ya Ufaransa ilikubali kwamba mpangilio wa taa kwenye mnara ni kazi ya ubunifu inayolindwa, kama mchoro au wimbo.

Kwa hiyo anayetaka kutumia picha ya usiku kibiashara anatakiwa kuomba ruhusa kwa kampuni inayoendesha mnara, na huenda akalipia. Tovuti nyingi zinazouza picha huzikataa za aina hiyo kwa matangazo.

Mtalii aliyejipiga selfi na kuiposti asiwe na hofu. Uongozi wa mnara unaruhusu hilo, na sheria ya 2016 inawapa watu binafsi nafasi ya kuonyesha majengo yaliyo barabarani, mradi siyo kwa biashara.

Kifupi: kabla ya kuuza picha ya jengo maarufu, usiulize tu nani alilijenga na alikufa lini. Uliza pia nani aliweka taa.